Bi Mlezi na Chumba cha Zamu

Sifa zote ni za Mola aliyeupa usiku saa zake na mchana saa zake, na tangu aumbe ulimwengu hatujaona mmoja ukipora saa za mwenzake. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaona mstari, na kwa nchi hii ya baridi aliyonifanyia makazi nikiwa sina hata soksi za kutosha. Nilifundishwa na walimu wangu kwamba mtu mzima asiandike akiwa na hasira. Nimesubiri miaka sita hasira hii ishuke. Haikushuka, basi nitaandika nayo, na Mungu anisamehe nitakapozidisha.

Ninayemwandika ni mwanamke aliyelea watoto wadogo kila Jumamosi katika ukumbi wa jumuiya yetu, Thamesmead, mashariki ya London. Watoto wenyewe walikuwa wa miaka mitatu, minne, mitano. Wazazi wao walitoka Kenya, Zanzibar, Kongo, Somalia, na wawili watatu walikuwa watoto wa majirani Waingereza ambao mama zao walipita tu wakavutiwa na kelele. Sote tulimwita Bi Mlezi. Jina lake analo, lakini sitaliandika. Lilishatembezwa vya kutosha na watu wasiolistahili.

Chumba chake kilipakana na changu. Mimi nilisomesha madrasa upande huu, yeye alilea upande ule, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao mwembamba hivi kwamba mtoto akipiga chafya kwake, wanafunzi wangu walimwombea afya. Kwa miaka miwili nilisikia kila neno lake. Sisimulii ya kuambiwa.

Alikuwa mfupi, mwenda mbio, amevaa koti zito na juu ya koti amejitanda leso ya Mombasa. Sauti yake ilikwaruza. Hakuwa mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu aondoke wapo wanaomtaja kama malaika, na wengi wao ni walewale walionyamaza siku ile. Chai yake ya tangawizi aliileta katika chupa na hakuwahi kumpa mtu hata funda moja. Mkasi wake aliufunga kwa uzi kwenye mkoba, asije mtu akauazima. Kwenye kituo cha basi alipita mbele ya foleni nzima akisema samahani kwa kila kichwa, akapanda wa kwanza. Siku moja nikamwambia, Bi Mlezi, si wewe ndiye unayewafundisha watoto kungoja zamu?

"Zamu ni za wenye magoti mazima, Maalim," akanijibu. "Mie na haya yangu twasubiri tukiwa tumekaa."

Kabla ya kuja kwetu alikuwa yaya kwa miaka mingi huko Acton, magharibi ya London, katika nyumba ya Wajapani waliokuwa na watoto wawili. Mama wa nyumba ile alikuwa na maneno machache aliyowafundisha wanawe kila walipogombania kitu, na Bi Mlezi aliyaokota pamoja na vitu vya kuchezea. Kijapani chake kilikuwa cha sakafuni. Hakuweza kumuuliza Mjapani njia ya kwenda stesheni, lakini aliweza kuamua ugomvi wa watoto watatu juu ya baiskeli moja.

Neno la kwanza lilikuwa "kashite". Maana yake niazime. Si nipe, alisisitiza. Niazime, kwa kuwa anayeazima anakiri kwamba kitu kina mwenyewe na kwamba kitarudi. La pili lilikuwa "ii yo", sawa, chukua. La tatu, "ato de ne", baadaye. La nne, "junban", zamu kwa zamu. Na kwa chakula lilikuwapo "hanbunko", nusu kwa nusu, ambalo watoto walilipenda kupita yote kwa sababu lilikuja na mandazi.

Nilimuuliza mapema kabisa kwa nini Kijapani, wakati Kiswahili kipo na watoto wenyewe wanaongea Kiingereza. Alikuwa akifuta meza. Akasema hawa watoto Kiingereza wanajua kukigombania, kila mmoja ana "mine" yake. Kiswahili wanakisikia nyumbani na hawakijibu, kwa sababu kwao ni lugha ya kukemewa: acha, toa, mpe mwenzio, huna adabu.

"Hiki hakuna anayekijua," akasema. "Mkongo hakijui, Msomali hakijui, mtoto wa Kizungu hakijui. Wote waanza sawa. Na hakuna aliyewahi kupigwa makelele kwa maneno haya."

Sijasikia hoja ya malezi iliyo bora zaidi kutoka kwa mtu mwenye vyeti, na nimekaa na wenye vyeti wengi.

Kanuni yake ilikuwa hivi. Anayetaka kitu asimame mbele ya mwenye nacho, aseme "kashite", mikono yake chini. Mwenye nacho ana haki ya kukubali au kusema "ato de ne". Akisema baadaye, hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kuingilia. Lakini tangu hapo deni ni lake. Akimaliza, lazima amtafute mwenyewe yule aliyeomba, popote alipo chumbani, ampelekee kitu kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kidogo. Mpokeaji naye aitike kwa kichwa. Mtoto wa miaka mitatu akiburuta baiskeli ya magurudumu matatu kupita katikati ya wenzake kumi na wanane, akimtafuta mmoja tu aliyemwahidi: hilo nililiona kwa macho yangu, na lilinifanya nione haya.

Nasema niliona haya kwa sababu sisi watu wazima tumeliharibu neno baadaye. Mtoto akiomba tunamwambia baadaye, na maana yake ni usinisumbue. Mtu akitualika tunasema inshallah, na moyoni tumeshaamua hatuendi. Jina la Mungu tumeligeuza komeo la mlango. Hili limeniudhi tangu ujana wangu na nimelisemea misikitini miaka na miaka pasipo kubadilika mtu. Bi Mlezi alilibadilisha kwa watoto kumi na tisa, sakafuni, kwa baiskeli moja nyekundu.

Watu wazima ndio waliomchosha. Kwetu mkubwa humwachia mdogo, basi. Hatuulizi nani alianza. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alimkuta analilia ile baiskeli. Akamshusha msichana aliyekuwa amepanda, akamwambia mwachie mdogo wako, mama, akampandisha mjukuu wake. Bi Mlezi akaja, akamshusha mjukuu, akamrudisha msichana. Bibi akamuuliza kama hana huruma.

"Ninayo, dada. Ya wote wawili," akasema Bi Mlezi. "Huyu ukimpa kwa kilio, kesho atalia zaidi. Na huyu mwingine atajua kwamba kutulia kwake ni hasara."

Bibi akaondoka akinung'unika njia nzima hadi kituoni. Wiki iliyofuata alirudi, akakaa pembeni, akatazama. Mwisho wa mwezi nilimsikia kupitia ukuta akimwomba mjukuu wake kipande cha chungwa, kwa Kijapani.

Sasa nifike kwa Katibu. Huyu alikuwa katibu wa jumuiya yetu, mtu wa mafaili, mwenye funguo zote za ukumbi. Nilimheshimu, na bado namwombea. Binti yake alikuwa na miaka minne, na alikuwa mmoja wa watoto wa Jumamosi. Siku moja nyumbani, mtoto alisimama mbele ya baba yake, mikono chini, akamwomba simu ili atazame picha za nyanya yake aliyeko Tanga. Katibu alikuwa ameshayajua maneno yale. Akamjibu "ato de ne" huku akicheka. Mtoto akaenda kukaa kwenye ngazi ya chini, akangoja. Baba akamaliza na simu yake, akavaa viatu, akatoka.

Jumamosi yake, mtoto akiwa ameshamsimulia, Bi Mlezi alimngoja Katibu mlangoni, wazazi wengine wakiwavalisha watoto makoti.

"Katibu, mwanao alingoja mpaka usingizi ukamchukua ngazini," akamwambia. "Kama hukutaka kumpa, ungemwambia hapana. Hapana si tusi."

Watu walicheka, na Katibu akacheka nao. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliyaona masikio yake yakibadilika rangi. Sitasema kwamba ndiyo sababu ya yaliyofuata. Moyo wa mtu Mungu ndiye aujuaye. Nasema tu kipi kilitangulia kipi.

Wiki tatu baadaye Katibu alisimama dirishani mwa chumba kile akapiga video kwa simu. Ilikuwa fupi sana. Inaonyesha watoto wawili wakipeana baiskeli, mmoja anainamisha kichwa, wa pili anaitika, na sauti za wengine zinasema "junban, junban". Akaituma kwenye kundi la wazazi na chini yake akaandika: watoto wetu wanafundishwa kumsujudia nani?

Kundi likawaka. Mmoja akaandika kwamba maneno yale ni ya ibada ya masanamu, amesikia kwa mtu anayejua. Mwingine akasema ndiyo maana mwanawe siku hizi halali vizuri. Mama mmoja Mkenya, muuguzi, Mkristo, aliandika kwamba anaona adabu tu hapo, akajibiwa kwamba jambo hili ni la dini yetu na yeye akae kando. Wanawe wawili walikuwa katika chumba kile, lakini yeye akae kando. Na aliyeshutumiwa ibada ya masanamu ni mwanamke aliyekuwa akisimamisha watoto wote kimya dakika kumi kila adhuhuri ili aswali kwa wakati wake.

Ukaitishwa mkutano. Tulikuwa watu kama arubaini. Katibu alizungumza kwa upole mkubwa. Akasema wao si wasomi, wana kazi zao, lakini Mungu amewajalia mwalimu wa dini mwenye chumba ukuta kwa ukuta na kile, na neno lake watalikubali.

"Maalim wetu, tuambie," akasema. "Inajuzu au haijuzu?"

Jibu nilikuwa nalo kama ninavyolijua jina langu. Kule ni kusalimiana. Sisi wenyewe tunawafundisha watoto kubusu mikono ya wakubwa na kusema shikamoo, na shikamoo yenyewe tunaisema kwa kuinama. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuulizwa anamsujudia nani. Ningesema maneno hayo mawili matatu, watu wangekwenda kula biriani na jambo lingekwisha.

Lakini chumba cha madrasa kilikuwa chini ya funguo za Katibu. Na nilikuwa na jina la mtu mwenye hekima, asiyekurupuka, nami nililipenda jina hilo. Nikasema nipeni wiki moja nitafakari. Ukumbi mzima ukasema mashaallah. Sijawahi kusifiwa kwa kosa kubwa kama lile.

Usiku huo sikumwendea Bi Mlezi. Nilikwenda keshoye. Nilimsihi aandike japo mstari mmoja kwenye kundi kueleza maana ya maneno yale. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake nao ulimponza. Lazima niseme kweli yote. Alikataa katakata.

"Mie niwaombe ruhusa ya kuwafundisha watoto kuombana?" akauliza. "Wewe umenisikia miaka miwili. Waambie wewe."

Nikamwambia nimeomba wiki moja. Akaenda kunifungulia mlango.

Wiki ile haikuisha. Jumamosi nilifika mapema nikakuta chumba chake kimetiwa kufuli jipya. Ukumbini, karibu na mlango wa choo, palikuwa na mifuko myeusi ya takataka, sita au saba. Ndani yake mlikuwa na matofali ya kuchezea, vidoli, vikombe vya plastiki na mikeka. Baiskeli haikuingia mfukoni, ilikuwa imeegemezwa ukutani kichwa chini. Katibu alikuwa ameandika kwenye kundi kwamba chumba kinahitajika kuhifadhia viti, wakati uamuzi wa Maalim unasubiriwa. Nilikuwa sijausoma ujumbe ule, au nilikuwa nimeuona nikaamua kuusoma baadaye. Miaka sita nimejiuliza ni lipi.

Bi Mlezi akaingia na watoto wanne waliotangulia, wamemshika koti. Akaitazama mifuko. Akanitazama mimi.

"Maalim, ulikuwa wajua?"

Nikamwambia nilikuwa nasubiri wiki iishe.

"Mie huwafundisha kusubiri wale wanaongojea kitu chao," akasema. "Wewe ulikuwa wasubiri kwa kitu changu."

Kisha akawavalisha watoto glavu tena, mmoja mmoja, akawarudisha kwa mama zao nje. Vitu aliviacha palepale. Alichukua mkoba wake tu.

Wiki ikaisha. Hakuna aliyeniuliza jibu, nami sikulitoa. Viti viliingizwa chumbani, vikapangwa mpaka dirishani, na kwa miaka sita viti vilikaa pazuri kuliko watoto.

Mwaka huu Mwenyezi Mungu amenijaalia nafasi ya kwenda Hija. Kwetu mtu hasafiri safari ile na haki ya mtu shingoni. Huzunguka kwanza kwa aliowakosea, akawaomba radhi. Nikauliza alipo Bi Mlezi, nikaambiwa anaishi Hounslow na bintiye anayefanya kazi uwanja wa ndege. Nikapanda treni asubuhi, nikavuka London nzima nikiwa nimeyapanga maneno yangu vizuri kama hotuba.

Nilimkuta mezani akichagua choroko kwenye sinia. Amezeeka, ila mikono yake bado ina mbio zilezile. Ndege zilipita juu ya nyumba, karibu hasa, na kila ilipopita moja alinyamaza, ikishapita akaendelea. Nikamweleza niliyokuja nayo. Nikamwambia nilijua na nikanyamaza, na sina udhuru.

"Langu nimekusamehe zamani," akasema. "Wala sikukusamehe kwa ajili yako. Nilichoka kukubeba."

Nikamshukuru Mungu, machozi yakanitoka, nikaanza kumwombea dua. Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Ngoja, sijamaliza. Ulinyamaza mbele ya watu arubaini. Leo waja kusema hapa kwangu, tuko wawili, mlango umefungwa. Hiyo si toba, Maalim. Hayo ni matembezi."

Nikamuuliza basi nifanye nini. Akaninyanyulia macho kwa mara ya kwanza tangu nikae.

"Mwalimu wa dini ni mie au ni wewe?"

Nikaaga, nikapanda treni ya kurudi.

Mwezi uliopita jumuiya ilinifanyia dua ya kuniaga. Watu walikuwa wengi, viti vyote vikatolewa kwenye chumba kile ili watoshe. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisema nina jibu la watu ambalo nimechelewa kulitoa. Katibu alikuwa pembeni yangu, mvi zimemjaa kama mimi. Akaninong'oneza kwamba leo si siku yake.

"Siku yake ilikuwa miaka sita iliyopita," nikamwambia, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

Nikatoa jibu. Nikasema lile la watoto kuinamiana lilikuwa salamu, lilikuwa adabu, na halikuwa na ibada yoyote ndani yake. Nikasema niliyajua hayo siku niliyoulizwa. Nikasema tulimtoa mwanamke Mwislamu, mcha Mungu, kwa mifuko ya takataka, mbele ya watoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuokota kidoli. Hakuna aliyesema mashaallah. Katibu aliondoka kabla ya chakula. Yule mama muuguzi akainuka, akaenda kukifungua chumba, akawasha taa, akasimama mlangoni. Baada ya dua, viti havikurudishwa mle. Vimepangwa ukumbini, vinatusumbua, na vitatusumbua hivyo hivyo.

Keshoye nilimpigia simu Bi Mlezi nikamwambia chumba kiko wazi, tunamngoja arudi. Nilikuwa na furaha, nakiri, kama mtu aliyerudisha kitu mahali pake. Ndege ikapita kwake, nikangoja. Ilipokwisha kupita akasema kwamba atawafundisha kina mama maneno yale kwa simu, wanaotaka wampigie, lakini yeye mwenyewe harudi.

"Na usiniambie mmewarudishia wale watoto," akasema. "Mtoto mwenye miaka mitatu ukimpora zamu yake, humrudishii ana tisa."

Basi naondoka na msamaha wake, na wa wale watoto sinao. Nimeanza kuwaendea mmoja mmoja nyumbani kwao, mzee mzima, kuwaomba radhi. Wako kumi na tisa, nimeshafika nyumba saba. Katika nyumba ya saba msichana alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kiingereza kwamba hamkumbuki mwanamke huyo. Mama yake akacheka, akaona jambo limeisha vizuri. Nilishuka ngazi za fleti zile nikiwa na hasira kuliko siku zote za miaka hiyo sita, kwa sababu hapo ndipo nilipoona hesabu ya tulichochukua.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akukinge na ukimya unaosifiwa. Akupe ulimi wa kusema kweli siku ileile kweli inapongojewa, na watoto wako awajaalie kila saa iliyo yao ingali yao. Amin.